"Unaenda wapi?": historia fupi ya swali la mlangoni

Huku Ogembo ukisema unaenda hoteli, hakuna mtu atakuuliza utalala huko siku ngapi. Hoteli ni pale karibu na stendi, mabati mbele, benchi mbili, sufuria ya chai iko jikoni tangu saa kumi na moja asubuhi. Unaingia, unanawa mikono, unaitisha chapo na ndengu, ama obokima na chinsaga kama una njaa ya ukweli. Mwenye hoteli anamjua mamako. Siku huna pesa, anakuandika kwa kitabu. Hakuna mtu amesimama mlangoni kuuliza umekuja kufanya nini, kwa sababu mtu akiingia hoteli ni wazi amekuja kula.

Nairobi neno ni hilo hilo lakini kitu ni kingine kabisa. Na nimesoma malalamiko yenu mengi kuhusu hizo hoteli za nyota nne na tano. Maji ya moto hakuna. Bafe imepoa. Chumba mlichoona kwa picha sio kile mlipewa. Sawa, mmelipa pesa nyingi, lalamikeni. Lakini kuna lalamiko moja ambalo huwa halipewi nyota, na wengi wetu tukirudi nyumbani hatulisemi kwa sababu linatuaibisha. Ni lile swali la mlangoni: "Unaenda wapi?" Mwenye suti amepita. Mzungu wa kaptula na ndara amepita, tena amefunguliwa mlango. Wewe ndio unaulizwa.

Mimi nimeulizwa. Nilikuwa nimealikwa mafunzo ya siku mbili ya vijana wanaotengeneza video, kwenye hoteli moja kubwa katikati ya jiji, siitaji jina. Nilitoka Ogembo usiku, nikafika asubuhi na begi mgongoni na vumbi kidogo kwa viatu. Soja akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akauliza tena. Akaitisha barua ya mwaliko. Nikamwonyesha kwa simu, akasema hiyo si barua, nikae kando. Watu wanne walipita nikiwa hapo kando na hakuna hata mmoja aliulizwa barua. Baadaye, saa ya mapumziko, nikaketi pale chini nikaitisha chai, weita akaniambia nilipe kwanza. Mzee wa meza ya pili alikuwa ameshamaliza kahawa yake na bado bili haijaletwa. Kilichonichoma zaidi ni chai yenyewe. Ogembo tuko na kiwanda cha chai, watu wetu wanaamka na giza kuchuna majani. Halafu naambiwa nionyeshe pesa kabla ya kuguswa kikombe.

Nikarudi nyumbani na hasira, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama ni mimi tu na viatu vyangu. Manze, hapana.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na hoteli zikafuata haraka. Mwaka wa 1902 mama mmoja kwa jina Mayence Bent alianzisha Stanley. Siku ya Krismasi 1904 ikafunguliwa Norfolk. Walowezi waliokuwa wanakuja kuchukua mashamba walifikia hapo, wakaketi barazani wakipiga story za ardhi na simba. Mabwana wenye vyeo vya Uingereza walijaa hapo mpaka hoteli ikapewa jina la utani, House of Lords, yaani lile bunge la makabaila kule London. Husimuliwa kwamba Lord Delamere aliwahi kuingia na farasi wake hadi chumba cha kulia. Iwe kweli ama iwe chumvi, hiyo story imesimuliwa miaka mia kama kichekesho. Sasa fikiria: farasi ndani ya chumba cha kulia ni kichekesho. Mwafrika aliingia chumba hicho akiwa amebeba sinia. Kuketi mezani hakungekuwa kichekesho, kungekuwa kosa.

Tarehe 16 Machi 1922 ndiyo siku ambayo kila mtu wa umri wetu anafaa kuijua kuhusu hiyo hoteli. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu kwenye ofisi ya hazina, alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Alikuwa amepinga kipande, kodi ya nyumba, kukatwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba ya walowezi. Maelfu ya watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakejeli wanaume walioanza kusitasita, akasonga mbele, umati ukamfuata. Polisi wakafyatua risasi. Na kutoka kwa baraza ya Norfolk, hatua chache tu kutoka hapo, walowezi waliokuwa wakiburudika nao wakapiga risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Walioshuhudia walisema ni zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwao.

Wageni wa hoteli, wakiwa na vinywaji vyao, wanapiga risasi watu walioko barabarani. Niliposoma hapo nilifunga simu kwanza.

Leo barabara inayopita mbele ya Norfolk inaitwa Harry Thuku Road. Na baraza ya hoteli ikapewa jina la Lord Delamere. Mmoja akapata barabara, mwingine akabaki na viti. Sijui nani alipanga hivyo, lakini ukitaka kuelezea mtoto uhuru ulibadilisha nini na haukubadilisha nini, msimamishe tu hapo asome vibao viwili.

Kitu nilichokuwa sijui ni vile ubaguzi wa hoteli ulikuwa unafanya kazi siku hadi siku. Nilidhani kulikuwa na askari na bunduki mlangoni. Kumbe mara nyingi desturi ilitosha, na maneno ya upole: tumejaa, meza zote zimewekwa, menejimenti ina haki ya kukataa mtu. Hicho kibao cha mwisho bado kiko. Kiangalie vizuri siku ukienda klabu ama hoteli mjini, kimeandikwa kwa herufi safi karibu na mlango, hakuna anayejiuliza kilitoka wapi.

Na mchezo huo huo ulichezwa Uingereza kwenyewe. Julai 1943, Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, alihifadhi vyumba katika Imperial Hotel, London, kwa siku nne, yeye na familia yake. Alikuwa anakuja kucheza mechi uwanja wa Lord's. Alilipa amana mapema. Alipofika akaambiwa anaweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu kulikuwa na wanajeshi wazungu wa Marekani ambao wangeudhika wakimwona. Huyu ni mtu ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi serikalini, kushughulikia wafanyakazi kutoka Karibi waliokuja kusaidia vita vya Uingereza hiyo hiyo. Akawashtaki. Juni 1944 mahakama ikampa haki, na fidia ya gini tano, pesa kidogo sana. Lakini alishinda, na ushindi wake unakumbukwa kama moja ya hatua zilizoandaa njia ya sheria za Uingereza dhidi ya ubaguzi. Mwaka wa 1969 Constantine akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi House of Lords. Ile ya ukweli, sio ya Nairobi.

Nairobi ya miaka hiyo, kama ulitaka Mwafrika, Mhindi na Mzungu wale chakula cha mchana meza moja, ilibidi watu waanzishe klabu maalum. Ndiyo United Kenya Club, ya mwaka wa 1946. Hebu tafakari kwamba kula pamoja kulihitaji chama, wanachama na mwenyekiti. Watu wetu huku Gusii wangeona huo ni wazimu. Kwa magokoro, yaani nyanya yangu, omogeni akifika anaambiwa "ikaransa", keti, halafu analetewa kitu. Maswali yanakuja akishashiba.

Hoteli za mjini zilianza kufungua milango polepole mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukakaribia, halafu ukafika Desemba 1963. Hapa ndio history huwa inakatizwa shuleni, kama movie imeisha. Haikuisha. Mwaka wa 1969 Nairobi ilipata InterContinental na Hilton, na ule mnara wa duara wa Hilton ukawa picha ya kila kalenda. Serikali yenyewe ilikuwa na hisa kwenye Hilton. Ilikuwa fahari ya nchi huru. Lakini mgeni aliyefikiriwa wakati zinajengwa ni mtalii na mfanyabiashara wa kutoka nje. Mwananchi aliyekaribishwa ni yule aliyefanana na mtalii: suti, gari, Kiingereza cha puani. Rangi haikuwa tena sharti la kwanza, ikabadilishwa na viatu. Wale ambao hawakuwa na viatu walipita mlango wa nyuma kwenda kuosha sufuria na kukunja mashuka. InterContinental ilifungwa 2020, Hilton ikafuata mwisho wa 2022, na watu wengi wa rika langu hawakuwahi kuingia hata moja. Tulizijua kwa nje, kama mahali pa kukutana: "tupatane Hilton", halafu unasimama kwa lami ukingoja mtu.

Kuna wale mtaniambia: boss, ni usalama, tumepigwa na magaidi, lazima watu waulizwe. Nakubali. Westgate ilitokea 2013, Dusit ikashambuliwa Januari 2019, na ninawaheshimu walinzi wanaosimama hapo wakijua hatari. Pitisheni begi langu kwa mashine, nipekueni. Lakini mashine haichagui. Kama ni usalama, tuulizwe sote, hadi huyo wa kaptula. Na simlaumu soja. Pengine ametoka kijiji kama changu, amepanga chumba kimoja na wenzake watatu, na akimwacha mtu "asiyefaa" apite, kazi ni yake kupoteza. Amefundishwa kumtambua mgeni kwa macho, na waliomfundisha walifundishwa na wengine, ukirudi nyuma hivyo unafika kwa ile baraza.

Usidhani jina kubwa linakuokoa. Novemba 2006, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa San Francisco, Marekani, kwenye ziara ya kitabu chake, riwaya ya Wizard of the Crow. Profesa wa chuo kikuu, mmoja wa waandishi wakubwa kabisa kuwahi kutoka Afrika, umri miaka 68. Alikuwa amelala Hotel Vitale, akatoka nje kwenye baraza kusoma gazeti. Mfanyakazi wa hoteli akaja kumwambia aondoke, hapo ni pa wageni wa hoteli. Ngũgĩ akasema yeye ni mgeni. Hakuaminiwa. Kampuni ya hoteli baadaye iliomba radhi, baada ya watu kupiga kelele. Mzee alitutoka Mei 2025, na kati ya yote aliyoandika na kupitia, hicho kisa kidogo cha gazeti na baraza hakinitoki akilini. Mtu alifungwa na serikali ya Kenya bila kesi, akaishi uhamishoni miaka mingi, na bado kiti cha hoteli aliyolipiwa kinahitaji ushahidi.

Kwetu, sheria iko. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kubagua mtu kwa rangi, kabila, lugha, na hata mavazi. Ndiyo, mavazi yametajwa, soma mwenyewe. Na hakikatazi serikali tu, kinakataza pia mtu binafsi kumbagua mwenzake. Lakini kumbuka Machi 2015, habari ilipotoka kwamba mkahawa mmoja wa Kichina Nairobi haupokei Waafrika jioni. Nchi ilikasirika, mkahawa ukafungwa, mwenyewe akapelekwa kortini. Shtaka? Mambo ya leseni. Karatasi ndiyo ilimshika. Ubaguzi wenyewe haukuwa kwa shtaka.

Kitu cha mwisho nilichoona siku ile ya mafunzo, nikielekea kutoka, ni duka la zawadi. Kabati la kioo, taa ndogo za manjano, na ndani viboko, tembo na bakuli za mawe ya sabuni. Yale mawe huchimbwa na kuchongwa Tabaka, si mbali na Ogembo, na kuna nyumba kule kila mtu wa familia ana kazi yake: mmoja anachonga, mmoja anasugua na msasa ndani ya maji, mmoja anatia rangi. Mchongaji wa huko, Elkana Ong'esa, sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Kazi zetu zilishapewa chumba kitambo. Kibandiko kilisema "Kisii stone", na soja hakuwa ameyauliza chochote.

Sasa naomba kitu. Kama mzazi wako, nyanya, mjomba ama jirani alifanya kazi hoteli kubwa ya Nairobi, Mombasa ama Kisumu miaka ya 60 hadi 80, jikoni, kufua, kubeba mizigo, mlangoni, mkalishe umuulize alifundishwa vipi kujua nani aingie na nani asiingie. Muulize kama yeye mwenyewe aliwahi kuketi kwenye hivyo viti. Nirekodie, hata sauti tu ya dakika tano, Ekegusii, Kiswahili, Dholuo, lugha yoyote. Wazee wa Gusii waliofanya hizo kazi bado wako wachache, na wawili nimeshawapata, mmoja hapa hapa karibu na soko. Naanza naye Jumamosi.