Kabla ya Kufunga Mizigo ya Mawindo

Mtu anayepanga safari ya mawindo huku kwetu Shinyanga hana budi kuanza na upepo. Nchi yetu ni tambarare, na kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma mchana kutwa juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Miti ya kuuzuia ni michache, na mnyama hukunusa muda mrefu kabla hujamwona.

Tulikuwa watu wanne, watatu wa Shinyanga na mmoja aliyehamia Geita. Tulipanga kutafuta kanga na kwale kwenye nyika za Kishapu, upande wa kuelekea Wembere, kisha tupite Kahama hadi Geita, tumalizie kwa kuvua katika ghuba ya Nungwe. Tulizungumza juu ya vibali, mafuta ya gari na unga. Baba yangu mdogo, ambaye ana umri mkubwa na maneno machache, alitusikiliza, kisha akauliza: "Mnakwenda kuwinda nini, wanangu, mahali ambapo babu yenu aliitwa kwenda kulimaliza pori?"

Swali hilo lina historia ndefu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Palipopungua ng'ombe na watu, vichaka vilirudi, na ndani ya vichaka wakaja mbung'o. Mbung'o huua ng'ombe kwa ndorobo na huwapa watu malale. Vijiji vikasogea nyuma, pori likasonga mbele.

Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza ilimteua C.F.M. Swynnerton kuwa bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika. Mtu huyo aliyeajiriwa kuwalinda wanyama ndiye aliyekuja kuongoza vita dhidi ya mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti huo hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Aina moja ya mbung'o wa nyika zetu hadi leo huitwa na wataalamu Glossina swynnertoni. Watemi waliwaita watu baada ya mavuno, wakaja kwa maelfu na mashoka. Nyasi ziliachwa zikauke sawasawa ndipo zichomwe mwishoni mwa kiangazi, ili moto uwe mkali na kuunguza vichaka.

Babu yangu alikuwa mmoja wa watu hao, naye alikuwa mwindaji. Baba mdogo anasema babu alijua vizuri alichokuwa anakata. Alikuwa anakata maficho ya swala na njia za mawindo alizofundishwa na baba yake. Lakini zizi lake lilikuwa tupu, na mwindaji asiye na ng'ombe hawezi kumwoza mwanawe. Alichagua ng'ombe. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu walifanya hata jaribio la kuwaua wanyama pori wenyewe katika eneo kubwa la Shinyanga, ili mbung'o wakose damu ya kunyonya.

Hivyo uwazi huu tunaouona kama maumbile ya nchi, sehemu yake kubwa ni kazi ya mikono. Upepo unaotupiga usoni ulifunguliwa mlango kwa shoka. Ng'ombe waliongezeka, pamba ikapanuka, kuni zikawa mbali, na kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa. Ni rahisi leo kuwalaumu wazee. Mimi siwezi, kwa kuwa nimesomeshwa kwa ng'ombe wa zizi lile.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliotia nguvu desturi yetu ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Katika ngitili miti ilichipua kutoka visiki vile vile vilivyokatwa. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ndege na wanyama wadogo wamerudi, na kanga tuliowataka sisi wamo humo.

Basi mpango wetu ulibadilika. Ziwani tutakwenda kama tulivyokubaliana, tukitoka alfajiri kabla upepo wa mchana haujachafua maji, kutafuta sangara, samaki aliyepandikizwa katika ziwa lile miaka ya 1950 na 1960. Huko nyikani, pamoja na kibali cha serikali ambacho sheria ya mwaka 2009 inakidai, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, tumeongeza hatua moja: kwenda kwanza kwa mwenye ngitili na kumwomba ruhusa. Pori la zamani halikuwa na mtu aliyelipanda. Hili la sasa lina wenyewe, waliovumilia miaka mingi kuzuia ng'ombe wao wasiingie. Akisema hapana, tutarudisha bunduki kabatini, twende tukavue.