Hati za Ruiru na Vitabu Vilivyozizaa

Anayesoma hati za ardhi za Ruiru, nchini Kenya, hukutana mara kwa mara na namba zinazoanza Ruiru/Kiu Block 2 (Githunguri). Githunguri haimo Ruiru. Ni sehemu nyingine ya Kiambu, yenye mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa. Jina hilo limo kwenye mabano kwa sababu Githunguri Constituency Ranching Company, kampuni ya wanahisa wa huko, ilinunua ardhi Ruiru na kuwagawia wanachama wake. Kwa hiyo rejista ya serikali imebeba ndani ya namba zake alama ya kitabu ambacho serikali haikukiandika. Leo, sajili zinapohamishiwa kwenye kompyuta na kuunganishwa na hifadhidata za taasisi nyingine, historia hiyo inafaa kusomwa upya. Inaonyesha kwamba rejista ya ardhi haijawahi kujitosheleza, na kwamba inaaminika pale tu inapodumisha uhusiano wake na vyanzo vyake.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya kahawa na mkonge ya walowezi kati ya Ruiru, Juja na Thika yaliuzwa kwa kampuni na vyama vya wananchi waliochanga fedha. Kampuni ilitunza daftari la wanachama na kutoa vyeti vya hisa. Shamba lilipopimwa, wanachama walichagua ploti kwa baloti, kisha orodha ikapelekwa kwa msajili wa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, kila kipande kilifunguliwa kadi ya kijani yenye sehemu tatu: maelezo ya ardhi, mmiliki, na vizuizi kama rehani. Sehemu ya kwanza ilitegemea ramani ya Idara ya Upimaji. Ya pili, orodha ya kampuni na namba ya kitambulisho iliyotolewa na msajili wa watu. Ya tatu, barua za benki na amri za mahakama. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alieleza muundo wa data iliyopangwa kwenye majedwali yanayohusiana kwa thamani za pamoja. Makarani wa ardhi wa Kiambu walikuwa tayari wakifanya kazi ya namna hiyo kwa kalamu, na namba ya kipande ndiyo iliyokuwa ufunguo wao.

Migogoro ya umiliki ilitokana na namna orodha za kampuni zilivyoingizwa. Zilinakiliwa, na baada ya hapo vitabu viwili vikaenda kila kimoja njia yake. Hisa ziliuzwa, wanachama walifariki, warithi walijitokeza, na mabadiliko hayo hayakufika yote kwa msajili. Mjini Thika mkanganyiko ulikuwa wa aina nyingine: ploti za kukodi zilizosajiliwa kwa namba za L.R. chini ya sheria ya 1920, kumbukumbu zake zikiwekwa Nairobi, zilikaa jirani na vipande vya mfumo wa 1963. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliunganisha mifumo hiyo kisheria, lakini sheria haiwezi kulinganisha majina na namba zilizoandikwa kwenye makaratasi ya miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba chanzo cha migogoro ni ufisadi, na kwamba hati bandia hazitokani na mpangilio wa daftari. Ufisadi ni kweli, lakini dalali anayeuza ploti moja mara mbili anahitaji pengo la kufanyia kazi, na pengo hilo ni rejista mbili zisizoulizana. Katika kesi za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Thika, hati huwekwa kando ya cheti cha hisa, kadi ya baloti na risiti, na jaji analazimika kufanya kwa kesi moja kazi ambayo mfumo ungeifanya kila siku. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management iliyohusu ardhi ya Mombasa, iliamua kwamba hati yenyewe haitoshi asili yake inapopingwa. Mwenye nayo lazima athibitishe jinsi ilivyopatikana.

Wengine watasema dawa ni kukusanya kila kitu kwenye hifadhidata moja, na kwamba Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, ndio mwanzo wake. Kuweka kumbukumbu kwenye kompyuta ni hatua njema. Hata hivyo, kunakili ndani ya mfumo mpya ni kurudia kosa la orodha za kampuni kwa kasi kubwa zaidi. Wataalamu wana njia nyingine: data huachwa kwa mwenye kuitunza, na hifadhidata huisoma pale ilipo kila inapohitajika. Njia hiyo iliingia katika kiwango cha kimataifa cha lugha ya SQL mwaka 2001. Inafaa kwa vyanzo vilivyo hai, kama sajili ya watu, benki na mahakama. Kwa kampuni zilizovunjwa, hakuna wa kuulizwa tena. Hapo kinachotakiwa kuhifadhiwa ni daftari zima pamoja na vyeti na baloti, si orodha ya mwisho peke yake.

Hofu ya faragha nayo ni ya haki. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa tathmini ya athari iliyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa. Lakini sharti hilo linaunga mkono njia ya kusoma data pale ilipo: msajili anayeuliza kama mwenye namba fulani yu hai hahitaji kujua mengine yote kumhusu. Mjane wa mwanachama wa Ruiru anastahili rejista inayoonyesha kila jina lilitoka kitabu gani, liliingizwa lini na nani, na kama kuna anayelipinga. Bila hayo, kompyuta itampa jibu la haraka asiloweza kulihakiki.