Ngoro, kahawa na usipa: jasho la mke lilivyoanza kuhesabiwa

Leo tuvuke bahari twende bara, kusini kabisa, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa nilikozaliwa kabla cherehani haijanileta Unguja. Wateja wangu wakikaa kwenye benchi kusubiri nguo ipigwe pasi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ndoa, na swali ni lile lile: nikiachika, nitapata nini wakati hakuna kitu chenye jina langu? Wengi wetu tuna ndugu au mashoga walioolewa bara, na wengine tumeolewa na watu wa bara. Kwa hiyo swali hili nimeona tulijibu kwa historia, maana jibu lake halikushuka siku moja.

Anza na mlima. Ukipanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga utaona miteremko imejaa mashimo ya mraba, kama sega la nyuki. Yale ni ngoro, kilimo cha Wamatengo, na kina zaidi ya miaka mia moja. Wamatengo walibanwa kwenye milima hiyo na vita vya Wangoni karne ya 19, wakalazimika kulima mahali ambapo udongo ungekimbia na mvua ya kwanza. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga mistari inayokatizana. Kuanzia hapo kazi inahamia kwa wanawake: wanachimba katikati ya kila mraba, udongo wanaufukia juu ya nyasi, na maharage yanapandwa kwenye matuta. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea, shimo linashika maji, mlima unabaki mahali pake. Mwaka unaofuata yanapandwa mahindi. Wataalamu wa kilimo wamekuja kutoka mbali, hata Japani, kusoma ngoro. Mimi nikiziona, kitu cha kwanza ninachofikiria ni mgongo wa aliyechimba.

Halafu ikaja kahawa, miaka ya 1920. Mbuni unakaa ardhini miaka na miaka, kwa hiyo shamba lenye kahawa likawa mali ya kweli, ya kurithisha. Kwa Wamatengo ukoo unafuata baba; shamba linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na mke anaingia kwenye ardhi ya wenyewe. Anapalilia, anachuma, anaanika. Fedha ikija, inakuja kwa jina la mume. Kwetu ufukweni mambo hayakuwa mbali na hayo: mtumbwi na nyavu ni vya mwanamume, kuanika usipa na kuupeleka sokoni ni kwa mwanamke, na mihogo pia ni yake. Ndoa ikivunjika, mtumbwi unabaki na mwenyewe, shamba linabaki na ukoo, na mwanamke anarudi kwao na nguo zake.

Na watoto? Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilitangaza kwa maandishi sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mtoto ni wa upande wa baba. Mama alikuwa mlezi, lakini mwenye mtoto alikuwa mwingine.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, wananchi wakajadili, na majadiliano yalikuwa makali, dini zote zikiwa na la kusema. Ikapatikana Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Inatumika Tanzania Bara tu. Huku Zanzibar haikufika. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Hapo kuna neno moja dogo ambalo wanawake wengi hawalijui. Sheria inasema mahakama iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, wa mali, *au wa kazi*. Iangalie pia mila za jamii yao, madeni yaliyochukuliwa kwa faida yao wote wawili na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo, ielekee kugawa sawa kwa sawa.

Sasa, kazi gani? Kupika ni kazi? Kulea? Majaji waligawanyika. Kuna waliosema mchango ni ule unaoonekana, kama fedha au saruji ya kujengea nyumba. Wengine wakasema hata anayetunza nyumba anachangia. Mvutano huo ulikwisha mwaka 1983 kwenye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ya chini ilikuwa imemwambia Bi Hawa hana fungu katika nyumba kwa sababu alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikataa hoja hiyo. Walisema shughuli za nyumbani ni kazi, nazo zinahesabika kama mchango. Walisema pia kwamba ubaya ambao sheria ile ilikuja kuuondoa ni wanawake kunyonywa na kukandamizwa na waume zao.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalisimulii wakilitaja jina la Bi Hawa: hakupata kitu. Mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, na hilo likameza mchango wake wote. Mamia ya wanawake wamepata mafungu yao kwa jina lake, na yeye mwenyewe akaondoka mikono mitupu. Naona ni uchungu, na ni onyo pia kwetu wafanyabiashara. Mahakama hailipi cheo cha mke. Inapima nani alifanya nini, na anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha.

Rudi Mbinga na hilo kichwani. Mume akisema, "Shamba ni la baba yangu, ulilikuta," kifungu kile kile cha 114 kina jibu: mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa nayo huhesabiwa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili wakiwa pamoja. Pori lililogeuka shamba la kahawa mke akiwemo si pori lile tena. Mashahidi wapo: jirani mliyechimba naye, mwenyekiti wa kitongoji, stakabadhi za miche na mbolea. Ziweke dada yangu, hata kwenye bati la biskuti.

Kuhusu watoto, kifungu cha 125 kiligeuza mambo. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, isipokuwa ionekane vinginevyo. Na mtoto anayeweza kutoa maoni yake husikilizwa. Kukaa kwa mama hakumwondolei baba wajibu wa matunzo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza nguvu, na ikaifuta ile ya zamani iliyoweka shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Shilingi mia! Hata uzi wa cherehani haununui.

Njia yenyewe huanzia kwenye baraza la usuluhishi, la kata au la dini yenu, maana bila hati yake kuwa upatanishi umeshindikana, kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka. Sisi Waislamu hilo si geni. Suratun-Nisaa aya ya 35 inaelekeza msuluhishi kutoka upande wa mume na mwingine upande wa mke. Aliyeandikiwa talaka na mumewe pia apite barazani, kisha mahakamani, kwa sababu karatasi ya talaka peke yake haigawi shamba. Mahakama ya Mwanzo inatosha kuanzia, huna haja ya kusafiri hadi Songea. Usiporidhika, una siku 45 za kukata rufaa. Na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Mbinga au Mbamba Bay, wakuelekeze kwao. Msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure.

Huku kwetu visiwani mlango ni Mahakama ya Kadhi, na sheria yake ya 2017 nayo imegusa mali za wanandoa, pale penye mchango halisi. Hiyo inataka makala yake, na nitaiandika inshallah baada ya shehena ya vitenge kuingia.