Miaka Badala ya Kilomita: Matengenezo ya Breki Mikononi mwa Wamiliki wa Magari Kisiwani Mafia

Kwa wakazi wengi wa Mafia wa karne ya 20, breki ya kwanza waliyoitengeneza kwa mikono yao ilikuwa ya baiskeli. Baiskeli nzito za vyuma zilikuwa na breki za fimbo: mkono unabana, fimbo inavuta, mpira unagusa rimu. Kasoro ilionekana waziwazi. Mpira ukilika ulionekana, nati ikilegea ilisikika. Mazoea hayo ya kuliamini jicho na sikio yalihamia kwenye gari, na insha hii inatetea hoja kwamba ndiyo yaliyokuja kuwa udhaifu mkubwa wa matengenezo ya breki yanayofanywa na wamiliki wenyewe. Kushika spana hakukuwa kosa. Tatizo lilikuwa kwamba breki za kisasa zilizeeka kwa miaka, ilhali mwenye gari aliendelea kuzihesabia umri kwa kilomita na kwa unene wa pedi.

Mafia, kisiwa chenye urefu wa takribani kilomita 50, kimetengwa na bara na mlango wa bahari mkabala na delta ya Rufiji. Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao ya utawala kutoka Chole kwenda Kilindoni, ambako meli ziliweza kutia nanga kwa urahisi zaidi. Tangu hapo historia ya mashine kisiwani imekuwa historia ya bandari. Hata ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia mwezi Julai 1915, kuongoza mizinga iliyoiangamiza manowari ya Königsberg katika delta, zililetwa kwa meli, pamoja na vipuri vyake. Gari lililofika baadaye halikuwa na bahati tofauti: pedi au mpira wa silinda ambao haukupatikana Kilindoni ulipaswa kuvuka maji.

Umbali huo ulikuwa na uzito mdogo maadamu breki zenyewe zilikuwa sahili. Magari ya awali duniani yalitumia fimbo na nyaya, kama baiskeli. Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za haidroliki mwaka 1917, na kampuni ya Duesenberg ikaziweka kwenye magurudumu yote manne mwaka 1921. Ford, kwa ukaidi unaojulikana, ilisubiri hadi magari yake ya mwaka 1939. Land Rover, iliyotoka mwaka 1948 na kuwa gari la serikali, la misheni na la mashamba kote Tanganyika, ilikuwa na breki za dramu zenye mafuta. Viatu vyake vilisogezwa karibu na dramu kwa spana, kutoka nje, bila kufungua gurudumu. Dereva au utingo wake aliweza kufanya kazi hiyo njiani. Hata hivyo, nguvu ya mguu sasa ilisafiri ndani ya paipu. Hapo ndipo jicho lilipoanza kupoteza mamlaka yake.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, ilipotikiswa na vita dhidi ya Idi Amin na uhaba wa fedha za kigeni, ilifanya vipuri kuwa adimu nchini kote. Joshua Grace, katika *African Motors* (2021), ameonyesha kwamba gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuzalisha ujuzi na wala hazikuwa ishara ya upungufu tu. Tathmini hiyo ni ya haki, lakini breki zinadai tahadhari zaidi kuliko injini. Injini iliyobuniwa kwa werevu ikishindwa, gari husimama. Breki iliyobuniwa kwa werevu ikishindwa, gari halisimami. Kutia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa mfano, huonekana kufaulu kwa muda, kwani pedali hujaa. Kisha oili hiyo huvimbisha mipira ya silinda, na mfumo mzima huharibika. Vumbi nalo lilikuwa adui asiyetajwa. Lainingi za wakati huo zilitengenezwa kwa asbesto, na fundi aliyepuliza dramu kwa mdomo au kwa pampu alivuta pumzini nyuzi zinazosababisha saratani. Kwa kuwa vipuri vya zamani bado huzunguka sokoni, kanuni ya kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, bila kulipuliza, haijapitwa na wakati.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miongo iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakawa ya kawaida. Yalikuja na breki za diski mbele, mfumo wa saketi mbili, na hatimaye mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1978. Kubadilisha pedi za diski ni rahisi kuliko kufunga viatu na springi za dramu, na urahisi huo uliwapa wamiliki wengi ujasiri. Lakini pedi ndiyo sehemu inayoonekana, na Mafia si mahali ambapo pedi huisha haraka.

Hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo. Kutoka Kilindoni hadi Utende, barabara iliyowekewa lami katika miaka ya 2010, ni takribani kilomita 15. Mmiliki anayekwenda na kurudi mara mbili kwa wiki hupata kilomita zipatazo 3,100 kwa mwaka. Ratiba za matengenezo mara nyingi hutaja kubadilisha mafuta ya breki kila kilomita 40,000 au kila miaka miwili, lolote litakalotangulia. Anayesoma nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo atangoja karibu miaka 13.

Katika muda huo mafuta hunywa unyevu wa hewa, kwa kuwa ndiyo tabia ya mafuta ya glikoli. Viwango vya Marekani vinataka mafuta mapya ya DOT 3 yachemke kwa nyuzi joto zisizopungua 205. Yakishalowa, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kisiwa chenye mvua nyingi na upepo wa chumvi hakiyahurumii mafuta hayo, wala hakizihurumii paipu za chuma zinazopita chini ya bodi. Juu ya hayo, Mafia ni tambarare. Hakuna mteremko mrefu wa kuzipasha breki joto na kufichua ubovu. Gari linaweza kuonekana zima kwa miaka kumi kati ya Kilindoni na Kirongwe, kisha likavushwa bara, likauzwa, na pedali ikazama siku ya kwanza ya kuteremka Mlima Kitonga, maji yaliyomo kwenye mafuta yanapogeuka mvuke. Paipu iliyoliwa na kutu haingoji hata safari hiyo. Hupasuka pale dereva anapokanyaga kwa nguvu zote, yaani mbele ya mtoto au ya mwendesha baiskeli.

Usalama wa anayejitengenezea breki huanza chini ya gari. Ardhi ya kisiwa ni ya mchanga katika sehemu nyingi, na jeki huzama au kuinama. Ubao mpana na mgumu chini ya jeki, stendi imara chini ya fremu, na vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini ni masharti. Jeki pekee haimshikii mtu uhai. Kufungua upande mmoja kwa wakati huacha upande wa pili kuwa kielelezo, ingawa pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli. Kalipa haining'inizwi kwa mpira wake wa mafuta, bali hufungwa kwa waya. Pini zake husafishwa na kupakwa grisi inayohimili joto, kwani kwenye hewa ya chumvi pini iliyoganda hula pedi moja na kuiacha nyingine ikiwa mpya. Mafuta yatoke kwenye chupa iliyokuwa imefungwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha gari. Wakati wa kutoa upepo, chombo hicho hakiachwi kikauke. Kazi ikiisha, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi ijae kabla gari halijasogea hatua moja, na jaribio hufanywa kwa mwendo wa mguu mahali pasipo watu. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, pengine kwa sababu ndiyo isiyochafua mikono.

Upo mpaka ambao spana haiuvuki. Hewa ikiingia katika pampu ya mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, baadhi ya magari hayawezi kuitoa bila kifaa cha kompyuta. Breki ya mkono ya umeme hutaka kwanza iwekwe katika hali ya matengenezo. Katika baadhi ya magari ya mseto, kama Toyota Prius, mfumo huweza kujiamsha mlango unapofunguliwa, na pistoni ikasukuma vidole. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huipima hali ya chombo kilichoko barabarani, kwa hiyo kazi mbovu ya mmiliki na kazi mbovu ya fundi hubeba uzito uleule.

Kivuko cha MV Kilindoni, kati ya Kilindoni na Nyamisati, kimepunguza kutengwa kwa kisiwa. Gari linalohitaji kompyuta sasa lina njia ya kuifuata, ingawa ni safari ya siku nzima. Kwa yanayobaki, kifaa kinachokosekana mara nyingi kwenye boneti ni cha bei ndogo kuliko vyote: kipande cha plasta juu ya chombo cha mafuta ya breki, kilichoandikwa mwezi na mwaka mafuta hayo yalipotiwa.