Mawe Meusi ya Goma

Anayefika Goma, mashariki mwa Kongo, kwanza huona weusi. Njia za mitaani ni mawe meusi, kuta za viwanja ni mawe meusi, na misingi ya nyumba ni mawe hayohayo yenye ncha kali zinazokula soli za viatu. Hayakuletwa na malori kutoka mbali. Yalishuka yenyewe, yakiwa bado majimaji, kutoka Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ulio kaskazini mwa mji.

Mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Huku kwenye Bonde la Ufa ganda la dunia linavutwa na kuwa jembamba, hivyo magma hupata upenyo wa kupanda. Ikishatoka nje ndiyo lava. Yenye madini mengi ya silika hunata na kujikokota. Ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo humwagika kama mafuta ya mawese yaliyotoka jikoni.

Watu waliliona hilo Januari 10, 1977. Ziwa la lava lililokuwa likichemka ndani ya kasoko lilipasua mbavu za mlima na kukauka kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ile lava ilikwenda kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoweza kushindana nayo. Vijiji vilifunikwa na watu wakiwemo. Miti ilizungukwa na lava, ikaungua, na mahali pa vigogo pakabaki mabomba ya mawe yaliyo wazi ndani.

Januari 17, 2002 ikawa zamu ya mji wenyewe. Nyufa zilifunguka upande wa kusini, lava ikakata katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na takriban 120,000 walipoteza makazi.

Ukivunja jiwe la mwaka ule utaona jinsi lilivyozaliwa. Juu, palipoguswa na hewa, lava iliganda haraka hata fuwele hazikupata nafasi ya kukua; ngozi yake inang'aa kama kioo. Chini kidogo kuna matundu matupu: ni mapovu ya gesi yaliyokuwa yakipanda, mwamba ukagandia juu yake. Ndani zaidi, joto lilikotoka polepole, jiwe ni zito na limeshikamana.

Si gesi zote zilizopotea. Mabondeni, kwenye lava ya zamani, gesi ya kabonidioksidi hutoka ardhini na kutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Wenyeji huiita mazuku. Haionekani, na huua mbuzi, huua na mtoto aliyeinama kucheza.

Hata hivyo waliokimbia mwaka 2002 walianza kurudi baada ya siku chache tu, ardhi ikiwa bado na joto. Hapakuwa na namna ya kuizoa lava yote ile, basi walijenga juu yake. Mei 22, 2021 mlima ulilipuka tena usiku, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza nyumba za eneo la Buhene. Ilipopoa, huko nako nyundo zilianza kugonga mawe.