Pete ya Chuma

Lugha yetu imeyapa jina moja madini ya risasi na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki, na nilipokuwa mtoto nilidhani mambo ni mepesi hivyo: ukiwa na risasi, basi una risasi. Babu yangu ndiye aliyenitoa ujingani. Alikuwa na pete nene ya chuma, si ya kuvaa kidoleni, aliyofuliwa na mhunzi wa kijiji jirani. Kila risasi aliyoisubu ilipaswa kupita katika tundu la pete hiyo kabla ya kuingia kwenye bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, ya muundo wa mwaka 1871, mtutu wake milimita 11, ya kutia risasi moja moja. Aliiokota kichakani, chini ya uwanda wa Makonde, baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Kibali hakuwa nacho. Wahusika wote wamekwisha kufariki, ndiyo maana naandika.

Ilifikaje kichakani? Babu alisema tu, "Wenyewe waliikimbia." Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kusoma, nikaona kwamba hakukosea sana. Askari wengi wa Kijerumani waliianza vita na bunduki hizo kuukuu, zilizotumia baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali alipo. Bunduki mpya, za milimita 7.92, zilikuwa chache, na manowari za Kiingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Aprili 1915 meli Rubens ilijipenyeza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari Hyacinth na kuzama majini kusiko na kina. Shehena iliopolewa. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafumuliwa, baruti ikaanikwa juani, zikaundwa upya. Vitabu vinamtaja jemadari. Watu waliokaa wakizifumua risasi hizo kwa vidole sijawaona wakitajwa kwa majina.

Oktoba 1917 ilipiganwa Mahiwa, katika nchi ya Lindi, na hapo risasi zisizotoa moshi zikakaribia kwisha. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi, na hata wazima wengi, kwani risasi zilizobaki hazikutosha jeshi zima. Akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba akaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano. Alipata mamia ya bunduki na risasi zipatazo 250,000, za milimita 6.5. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya 25 Novemba 1918, alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, zilihesabiwa bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Ya babu, nadhani, ilitupwa katika siku zile za kuelekea Ruvuma.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini jeshi lisizirekebishe risasi ilizoteka zikaingia katika bunduki zake? Risasi ya Kiingereza iliitwa ya milimita 7.7, na ya Kijerumani 7.92, tofauti ni kama unene wa karatasi mbili. Lakini ganda la Kiingereza lina ukingo kitakoni na umbo jingine kabisa, nayo risasi yenyewe imevikwa ngozi ya madini magumu. Kazi hiyo ni ya kiwanda, si ya porini. Kwa hiyo jeshi liliifuata risasi, likaitupa bunduki.

Babu alifanya kinyume. Bunduki yake ilikuwa moja tu, na maduka hayakuuza risasi zake. Bahati yake ni kwamba ilitumia baruti nyeusi, ile ile ya magobore, na risasi tupu isiyo na ngozi. Maganda machache aliyoyaokota pamoja nayo aliyatunza kuliko fedha. (Fataki alizipataje, sitaeleza.) Madini aliyapata katika betri kuukuu za magari yaliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Nachingwea, uliokufa mwaka 1951.

Kalibu aliichonga mwenyewe, na kila risasi ilitoka na unene wake. Kwa gobore si neno. Utaizungushia kitambaa na kuishindilia kwa mdeki. Bunduki yenye mifuo ndani ya mtutu haikubali hayo. Risasi nene mno haiingii, na nyembamba mno huuacha moshi wa baruti upite ubavuni, nguvu ikapotea. Basi babu alisubu nene makusudi, akaipaka nta, akaisukuma katika pete kwa msumari na nyundo ya mti. Nyuzi za risasi zilizokwanguliwa zilianguka zikimeta, nasi watoto tuliziokota tukafanyia chubwi za mishipi.

Mwaka mmoja babu na mdogo wake waligombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Bunduki ilikuwa ya wote wawili, lakini pete ilikuwa ya babu. Nguruwe walipovamia mihogo, babu mdogo alikuja kuiomba.

"Kaka, nipe pete."

"Kaitafute huko kwenye shamba lako."

Nilikuwapo. Babu mdogo akaenda akazinyoosha risasi zake kwa tupa. Usiku tukasikia mlio wa kwanza, mzito, kama mtu anayepiga gunia. Wale wanaojua wangetambua kwamba risasi haikutoka, imekwama njiani. Yeye aliona nguruwe amesimama bado, akatia nyingine. Mtutu ulipasuka. Jicho la kushoto likaenda, na vidole viwili.

Babu aliifukia bunduki mwenyewe, wala hakuwahi kulisema jambo hilo mbele yangu. Mihogo ya ndugu yake aliilinda yeye usiku kwa usiku, akipiga debe, hadi alipoishiwa nguvu.

Pete ninayo mimi. Mjukuu wangu, fundi mkerezaji, aliipima tundu: milimita 11.3, akastaajabu jinsi mhunzi wa mivukuto alivyoweza. Babu mdogo aliishi miaka mingi baada ya kaka yake, na kila nilipokwenda kumwamkia alikuwa akiniomba niilete. Aliishika kwa mkono wa kulia, akaingiza ncha ya kidole chake cha mwisho katika tundu, akaizungusha kidogo, kisha akanirudishia na kuuliza habari za mvua.