Kamusi Elezo Huru na Habari za Kibondo na Kasulu

Wikipedia ilipoanzishwa mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003, wanazuoni wengi waliuliza: yawezekanaje kukiamini kitabu ambacho kila apitaye aweza kukiandika na kukifuta? Swali ni la haki. Lakini katika habari za Buha, nchi ya juu ya Kigoma, naona kwamba uongo wa makusudi si adui mkubwa. Adui ni habari ya kweli iliyotengwa na mwaka wake.

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 414,764 katika Wilaya ya Kibondo. Ile ya 2012 ikahesabu 261,331. Azikutaye tarakimu hizi bila maelezo atadhani watu zaidi ya laki moja na nusu wametoweka, na kwa kuwa nchi hii ilipokea wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka mingi, hatakosa sababu ya kujitungia. Ni kweli wakimbizi wengi walirudi kwao katika kipindi hicho, lakini hapa kilichohama hasa ni mpaka. Mwaka 2012 Kibondo ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Kakonko, yenye watu 167,555. Ukizijumlisha wilaya mbili wapata 428,886. Kasulu nayo ilimegwa, ikazaliwa Buhigwe. Basi aliyeandika zamani kwamba Manyovu iko Kasulu, na aandikaye leo kwamba iko Buhigwe, wote wamesema kweli.

Hata jina la lugha huleta ugomvi. Wenyeji husema Giha, kwa kuwa /k/ ya kiambishi hugeuka /g/ mbele ya konsonanti isiyo ghuna, kwa kanuni iitwayo ya Dahl. Kiswahili husema Kiha. Mhariri asiyelijua hili hufuta moja akidhani amesahihisha.

Mwaka 2005 jarida la Nature lilipima makala 42 za sayansi, likakuta wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala ya Wikipedia ya Kiingereza, na matatu katika Encyclopaedia Britannica. Wenye Britannica waliyapinga matokeo hayo. Vyovyote iwavyo, makala zile zilikuwa na walinzi wengi, na ukurasa wa kata moja ya Kibondo hauna. Walakini una kitu ambacho vitabu vya maofisa wa kikoloni havikuwa nacho: daftari la kila badiliko, pamoja na siku yake na saa yake. Wanafunzi wangu huwaagiza walifungue daftari hilo kwanza, kisha ndipo wasome makala.